Kihisi Kinachojua Kusema "Sioni"

Fundi anapokabidhi kihisi cha leza, kitu cha kwanza anachoonyesha ni namba. Anaweka boksi mbele ya mwanga mwekundu, kioo kidogo kinaandika 742, anavuta tepu, tepu nayo inasema 742. "Bosi, inasoma." Karatasi zinatiwa saini, watu wanaenda kunywa chai.

Kusoma namba ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Kihisi chochote cha kisasa, hata kikifungwa kwa waya wa kufungia nondo, kitasoma sawasawa siku ya kwanza asubuhi, boksi likiwa safi na vumbi halijapanda. Anayeijua kazi hii hutazama kwingine: siku ambayo kihisi hakioni, kinasema nini? Kihisi ni shahidi. Shahidi wa kutegemewa, asipoona, husema sikuona. Asiyetegemewa hujaza pengo kwa kukisia, tena kwa sauti ileile ya uhakika. Ufungaji mzuri, kuanzia bolti hadi mstari wa mwisho wa programu ya PLC (kompyuta inayoendesha mtambo), unaweza kukaguliwa kwa swali hilo.

Tuanze na chombo chenyewe. Vihisi vya leza vya kupima umbali ni vya aina mbili kubwa. Cha kwanza hupima kwa pembetatu: hutupa doa la mwanga juu ya kitu, na lenzi iliyo pembeni hulitazama doa hilo kwa mshazari. Kitu kikisogea, taswira ya doa huhama juu ya safu ya chembechembe zinazopokea mwanga, na hesabu ya pembetatu hutoa umbali. Hiki ni cha karibu, kuanzia sentimita chache hadi nusu mita hivi, na vilivyo bora hutofautisha mikromita. Cha pili hupima muda ambao mwanga umechukua kwenda na kurudi. Mwanga husafiri takriban sentimita 30 kwa nanosekunde moja, kwa hiyo ili kutofautisha milimita 1 chombo lazima kitambue tofauti ya karibu pikosekunde 7. Kwa kawaida hakifanyi hivyo kwa pigo moja la mwanga. Hupiga mara nyingi na kuchukua wastani. Ndiyo maana kinafaa kwa silo, kreni na maghala, na ndiyo maana nikikikuta kimewekwa kupima unene wa mbao kwa umbali wa sentimita 20, ukaguzi wangu huishia hapo.

Karatasi ya maelezo ya mtengenezaji isome kuanzia chini. Ule umbali mkubwa ulioandikwa kwa herufi nene juu mara nyingi ni wa shabaha nyeupe inayorudisha asilimia 90 ya mwanga. Chini yake, kwa herufi ndogo, utakuta umbali wa shabaha ya kijivu ya asilimia 18, ileile ya kadi ya kijivu ya wapiga picha, na wa shabaha nyeusi ya asilimia 6. Mpira wa mkanda, makaa ya mawe na plastiki nyeusi viko upande huo wa mwisho. Mnunuzi anayejua haulizi kinafika mita ngapi. Anauliza kinafika mita ngapi kwenye mzigo wake, tena ukiwa umelowa. Kuna mizigo ambayo jibu la kiungwana ni kutotumia leza kabisa. Maji safi hupitisha mwanga, mvuke na vumbi la unga huuzuia, na plastiki angavu huuachia uingie ndani kidogo kabla ya kuurudisha, namba ikawa ya mbali kuliko uso wenyewe. Fundi anayekwambia "hapa weka rada" wakati wewe umeshaagiza leza, mshike huyo usimwachie.

Ukifika mahali kihisi kilipofungwa, tazama braketi kabla ya kihisi. Bati jembamba lililokunjwa kwa nyundo hutetemeka pamoja na mota, na mtetemo huo huingia kwenye kipimo kana kwamba mzigo ndio unaotetemeka. Isukume braketi kwa kidole huku mwenzako akisoma namba, kisha achia. Namba isiporudi palepale ilipokuwa, kuna kitu kimelegea. Kazi nzuri ina chuma kinene kilichoshikwa kwenye nguzo au fremu isiyobeba mota, ina bolti mbili kwa sababu bolti moja ni mhimili wa kuzungukia, na ina mstari wa rangi uliopitishwa juu ya nati na chuma ili nati ikihama ionekane kwa macho. Mstari huo ni wa senti chache. Nikiuona, huwa natabiri kwamba na mengine yatakuwa sawa, na utabiri wangu hauangukii patupu mara nyingi.

Halafu pembe. Mwali ukipinda digrii 2 kutoka mstari uliokusudiwa, kwenye mita 10 utasoma karibu milimita 6 zaidi. Ukipinda digrii 5, milimita 38. Kinachoudhi ni kwamba kosa hili hujificha siku ya makabidhiano, kwa kuwa fundi amesharekebisha namba ilingane na tepu pale pale aliposimamisha boksi. Litajitokeza mzigo ukisogea. Kwa hiyo usikubali kupimiwa mahali pamoja. Dai karibu, katikati na mbali.

Kwa vihisi vya pembetatu, namna mwili wa chombo ulivyolala ndiyo njia yangu ya haraka ya kujua kama aliyefunga alikuwa anafikiri. Mwanga hutoka dirisha moja na kupokelewa kwa jingine. Kama vitu vinapita kwenye mkanda na kingo zake zinapanda ghafla, mstari unaounganisha madirisha hayo uwe umekingama na mwendo wa mkanda. Ukiwa sambamba na mwendo, kila ukingo unaopita huliziba jicho la kupokea kwa kitambo, na namba huruka. Mbao za paini zina kisa cha ziada: mwanga wa leza ukiingia kwenye mti laini husambaa kufuata nyuzi, na doa lililokuwa la mviringo hurefuka. Mfungaji anayeujua mti huliweka jicho litazame kwa kukatiza nyuzi, ili urefu huo usiingie kwenye hesabu. Kwa bahati nzuri mbao zinazopita kwa urefu wake hutimiza masharti yote mawili kwa mkao uleule.

Jua la kwetu nalo lihesabiwe. Viwanda vingi vimeezekwa kwa mabati yaliyochanganywa na yale ya plastiki ya kupitisha mwanga, na jua kali la mchana hukaribia lux 100,000, kiwango ambacho vihisi vingi havikuahidiwa kukistahimili. Usomaji ukiharibika kila siku saa ileile, na baada ya wiki kadhaa saa hiyo ikasogea kidogo, usibadilishe kihisi. Inua macho utazame paa. Vilevile mtu aliyevaa fulana ya usalama yenye mistari inayometa, akikatiza mbele ya kihisi cha masafa marefu, hurudisha mwanga mwingi kupita kiasi, na namba hupotea hadi apite. Hilo limewahi kuitwa mkono wa mtu na watu wazima kabisa.

Kuhusu macho: vihisi vingi vyenye mwanga mwekundu ni vya daraja la 1 au la 2 kwa kiwango cha IEC 60825-1. Daraja la 2 lina nguvu isiyozidi miliwati 1, na jicho hutegemewa lijikinge lenyewe kwa kupepesa ndani ya robo sekunde. Hata hivyo, kuuelekeza mwali usawa wa macho ya dereva wa foklifti ni uzembe. Jambo zito zaidi ni hili: kihisi cha kawaida cha umbali si kifaa cha kulinda watu. Ukikuta ndicho pekee kinachotegemewa kusimamisha mashine mkono wa mtu ukiingia, simamisha kazi, kwa sababu kuna vifaa vilivyothibitishwa kwa shughuli hiyo.

Upande wa umeme nitapita haraka. Volti 24 za umeme mnyoofu, waya wa kahawia chanya, wa bluu hasi. Kebo ya ishara iwe na wavu wa kinga uliounganishwa ardhini upande wa paneli, na isilale kwenye trei moja na kebo nene za inverta; zikilazimika kukutana, zikatizane kwa pembe mraba. Panaponifanya nisimame ni kwenye mA, yaani mkondo wa umeme unaobeba kipimo. Kihisi kinachoweza kuona mita 10 hutoka kiwandani kikiwa kimegawa 4 hadi 20 mA juu ya mita zote hizo. Kama wewe unahitaji milimita 600 tu, fundi mzuri hukifundisha upya, mwanzo wa 4 mA hapa na mwisho wa 20 mA pale. Kelele ya 0.02 mA kwenye waya ni milimita 12.5 katika mgao wa kwanza, na milimita 0.75 katika wa pili. Hakuna kilichonunuliwa, kitufe kimebonyezwa mara mbili.

Sasa tufike kwenye silo ya mahindi, maana hapo ndipo shahidi huhojiwa kweli. Kihisi kiko juu, kinatazama chini. Silo ikijaa, mahindi yako karibu, 4 mA. Ikiwa tupu, sakafu iko mbali, 20 mA. Mahindi yanaanza kumwagwa, vumbi linapanda, mwanga haurudi. Vihisi vingi vinakuruhusu kuchagua nini kitokee dakika hiyo, na uchaguzi huo umezama ndani ya menyu ambayo wengi hawaifungui.

Uchaguzi mmoja ni kushikilia namba ya mwisho. Unapendwa kwa sababu kioo cha opereta kinatulia. Silo inaonyesha asilimia 60 kwa utulivu mkubwa, huku mahindi yakipanda kuelekea dari. Mwingine ni kuruka hadi mwisho wa mbali: kihisi kisichoona chochote kinasema silo ni tupu, na lifti ya ndoo inaongeza mwendo. Uchaguzi wa tatu ni kutoka nje ya mgao kabisa. Pendekezo la NAMUR NE 43, linalofuatwa sana katika vyombo vya upimaji, huacha 3.8 hadi 20.5 mA kwa kipimo, na kuifanya 3.6 mA na chini yake, au 21 mA na zaidi, kuwa taarifa ya hitilafu. Huo ndio uchaguzi unaosema "sioni."

Lakini kusema hakutoshi kama msikilizaji ni kiziwi. Katika PLC za Siemens, 4 mA husomeka kama 0 na 20 mA kama 27648, na mkondo ulio chini ya 4 mA huleta namba hasi. Mwandishi wa programu asiyependa kuona hasi kwenye kioo huzikata zote kuwa 0. Kwa mstari mmoja amegeuza "sioni" kuwa "silo imejaa." Kwenye silo hii bahati imemwangukia, maana ujazaji utasimama; lakini programu hiyohiyo ikinakiliwa kwenye tangi ambalo 4 mA ni tupu, ujazaji hautasimama. Kwa hiyo omba uonyeshwe mstari huo. Uliza pia kama kihisi kimewekwa kutazama mrejesho wa mwisho, kwani wingu la vumbi lenyewe hurudisha mwanga kidogo, na vihisi bora huweza kuutenga mwanga huo na ule wa mahindi ulio nyuma yake.

Kuna uongo mwingine wa upole, nao ni wastani. Wastani wa vipimo 16 hupunguza kelele hadi robo, na namba inapendeza. Ila kama kila kipimo huchukua milisekunde 10, sasa unangoja milisekunde 160, na mkanda unaokwenda nusu mita kwa sekunde umeshasogea milimita 80. Kwenye silo haina neno. Kwenye mkanda wa kukata, umepima mzigo ulioondoka.

Majaribio ya makabidhiano basi hayaishii kwenye tepu. Mtambo ukiwa umefungiwa usiweze kuwaka, au uko katika hali ya majaribio na watu wote wamejulishwa, ziba lenzi kwa kiganja ukae hivyo kwa dakika nzima. Tazama kioo cha opereta: je, anajua? Chomoa kebo. Ikipotea mA yote, kengele ilie, na iseme ni kihisi, isiseme ni mzigo. Weka mbele yake kipande cheupe, kisha cheusi, umbali uleule, uone namba imehama kiasi gani. Fundi anayejiamini hatakuzuia; wengine watakumbuka ghafla kwamba wana kazi sehemu nyingine.

Fanya mojawapo ya majaribio hayo mara tu baada ya umeme kukatika na jenereta kuwaka. Kihisi cha leza kinahitaji kupata joto lake, dakika 15 hadi 30 kwa vile vya vipimo laini, na katika muda huo namba huteleza polepole. Kiwanda ambacho umeme hukatika mara tatu kwa siku kinapaswa kuwa na programu inayolijua hilo.

Mwisho, fungua mlango wa paneli. Ndani yake iwepo karatasi yenye mgao wa mA, uchaguzi wa wakati wa kutoona, idadi ya vipimo vya wastani, na namba moja ambayo wachache huiandika: nguvu ya mwanga uliorudi siku ya kwanza. Vihisi vinavyowasiliana kwa IO-Link hutoa namba hiyo pamoja na umbali, na vingine huionyesha kwenye kioo chake. Ikishuka taratibu wiki baada ya wiki, lenzi imeshika vumbi: ifute kwa kitambaa laini, si kwa hewa ya kompresa yenye mafuta. Ikishuka ghafla ilhali lenzi ni safi, beba spana uende kwenye braketi.