Sheria Isiyohongeka

Fundi wa friji hodari utamjua kwa vidole vyake. Huyu wa Mutuini ninayemsifu, kabla hajatoa geji mkobani, huinama nyuma ya friji ya bucha na kupapasa bomba moja baada ya jingine. Linalotoka kwenye kompresa linatakiwa kuwa moto wa kukufanya uondoe mkono. Koili ya nyuma ianzie na moto, iishie na vuguvugu. Chujio likiwa baridi ilhali kompresa inanguruma, ameshajua: limeziba. Barafu ikishika mwanzo tu wa koili ya ndani, gesi imepungua, naye huanza kusaka tundu kwa povu la sabuni.

Mwenye bucha hulalamika kwamba friji imeacha kutengeneza baridi. “Mzee, hii haitengenezi baridi,” fundi humjibu. “Inatoa joto la nyama na kulimwaga huku nyuma.” Vitabu vizima vimeandikwa kusema hayo.

Joto halitoki lenyewe penye baridi likaenda penye moto. Rudolf Clausius aliliweka hilo kuwa sheria katika miaka ya 1850. Kulilazimisha kuna gharama, na njia yake anaijua yeyote aliyepika githeri Dagoretti. Huku juu hewa ni nyepesi, maji huchemka kwenye digrii 94 hivi, na maharagwe hukawia kuiva kuliko Mombasa. Shinikizo likipungua, kitu huchemka kikiwa na joto dogo. Ndani ya friji, kompresa huvuta gesi na kushusha shinikizo hadi majimaji yake yachemke chini ya sufuri, yakinyonya joto la nyama. Kisha huibana gesi hiyo hadi iwe moto kuliko chumba, nayo hurudi kuwa majimaji huku ikiachilia joto ukutani.

Stima inayofanya kazi hiyo, sehemu yake kubwa hutoka kwenye joto pia: mvuke wa chini ya ardhi kule Olkaria, unaozungusha mitambo tangu 1981. Kule safari ni kinyume. Joto linashuka na njiani linafanyishwa kazi, lakini halifanyi kazi lote. Sadi Carnot, Mfaransa wa miaka 28, alionyesha mwaka 1824 kwamba haliwezi kufanya kazi bila penye ubaridi pa kulipokea. Ndiyo maana minara ya kupozea kule haikosi kufuka. Katika nchi yetu hii, sheria isiyohongeka inastahili heshima.

Hesabu ya Carnot inafika mpaka bucha. Ndani kukiwa digrii 5 na nyuma ya friji 25, pengo ni 20. Isukume kwenye kona isiyopitisha hewa, nyuma kufike 45, pengo ni 40: hata mashine kamilifu ingehitaji stima mara mbili kutoa joto lile lile.

Friji nyingi mpya hutumia isobutani, gesi isiyodhuru ozoni ila inawaka. Fundi wangu hufungua madirisha, huitoa yote, husubiri, ndipo awashe moto wa kuchomelea. Anayeharakisha hapo si fundi.

Nawe, kabla hujampigia simu, ivute friji yako mbele kidogo kutoka ukutani na ufute vumbi kwenye koili. Huenda usimhitaji.