Mafundi wa Tope la Bahari

Tarehe 2 Agosti 2024, meli ya kisayansi JOIDES Resolution ilimalizia safari yake ya mwisho ya uchimbaji mjini Amsterdam, ikitokea Mlango wa Fram kati ya Greenland na Svalbard. Tangu 1985 ilikuwa ikitoboa sakafu ya bahari duniani kote. Sifa za safari kama hizo huwaendea wanasayansi. Siku ya kufunga mizigo, hata hivyo, ni siku ya mafundi wa maabara, na kazi yao inafaa kutazamwa taratibu.

Tope hupanda kutoka chini likiwa ndani ya bomba la plastiki lenye urefu wa karibu mita tisa na nusu. Mafundi hulipokea sitahani, wakalifuta, wakalikata vipande vya mita moja na nusu. Kila kipande huzibwa ncha zote mbili: kifuniko cha buluu upande wa juu, kisicho na rangi upande wa chini, vyote vikagandishwa kwa asetoni. Cha njano huonyesha mahali palipoondolewa sehemu nzima ya tope kwa uchunguzi. Rangi hizo ni jambo dogo, lakini ndilo linalobeba mengine yote. Tope la juu ni changa, la chini ni kongwe. Kipande kikigeuzwa, maelfu ya miaka yatasomwa kinyumenyume, na jicho huenda lisigundue.

Kisha huja lebo: namba ya msafara, ya kituo, ya shimo, ya bomba, ya kipande. Baadaye bomba hupasuliwa kwa urefu. Nusu moja huchotwa sampuli. Ya pili hupigwa picha, huelezwa, kisha huwekwa akiba kwa ajili ya maswali ambayo leo hakuna aliyeyauliza.

Hayo hufanywa kwa zamu za saa 12, usiku na mchana, kwa takriban miezi miwili. Bandari inapokaribia kila mtu anawaza nyumbani, lakini lebo lazima zilingane na orodha, na tope libaki kwenye baridi hadi lifike ghalani. Kosa la siku ya mwisho huharibu kama la siku ya kwanza.

Faida ya umakini huo tunayo hata sisi. Mwaka 1972, Glomar Challenger, iliyotangulia meli hii katika kazi hiyo, ilitoboa sakafu ya Bahari ya Hindi mashariki ya pwani ya Kenya, mahali palipoitwa Kituo 241. Sampuli za Bahari ya Hindi hutunzwa Kochi, Japani, na mtafiti anaruhusiwa kuomba kipande akichunguze. Wewe unayesomea sayansi ya bahari Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, tope la pwani yetu limehifadhiwa na namba yake inajulikana. Andika, uliombe.