Kalamu Ijaribiwe kwa Mstari wa Polepole

Ukiulizia tableti ya kuchorea dukani, muuzaji atakuonyesha kwanza namba iliyo kwenye boksi, mara nyingi 8192. Hizo ni ngazi za mgandamizo ambazo kalamu inadaiwa kuzitambua. Usibabaike nazo. Mkono haujui tofauti ya 4096 na 8192, na michoro ya kusini mwa Tanzania haihitaji ngazi nyingi hivyo. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru aliyeanza kuchora Dar es Salaam mnamo 1968, alitumia rangi za baiskeli juu ya hadibodi. George Lilanga wa Masasi alitoka kwenye uchongaji, akaja kuchora mashetani yenye rangi bapa na mistari mizito ya kuyazungushia. Anayefuata mkono huo anahitaji mstari usiotetemeka.

Kwa hiyo nenda na rula. Omba wafungue Krita, programu ya bure, kisha uzime kipengele kinachonyoosha mistari chenyewe, maana ndicho kinachoficha ubovu. Laza rula kimshazari, vuta kalamu taratibu, taratibu kuliko unavyochora kawaida. Tableti nzuri itatoa mstari ulionyooka. Mbovu itatoa vijiwimbi vinavyojirudia kwa nafasi ileile, na rula yako haijasogea hata kidogo. Ukivuta haraka hutaviona. Ndiyo sababu wauzaji hupenda kukuonyesha kwa kutia saini ya mbwembwe.

Halafu iache kalamu iguse kwa uzito wake tu. Ikiacha alama hafifu, sawa. Ikitaka kukandamizwa ndipo ichore, kiganja kitakufa ganzi kabla shetani hajapata meno.

Kwa anayechorea Mtwara, pwani ya kusini, ningechukua kalamu isiyo na betri, ile inayopata nguvu kwa sumakuumeme kutoka kwenye tableti yenyewe. Wacom wanazo, Huion na XP-Pen pia, mara nyingi kwa bei nafuu zaidi. Umeme ukikatika, una kitu kimoja pungufu cha kuwazia chaji. Chagua pia yenye waya unaochomoka, kwani hewa ya chumvi hula vichwa vya waya, na wa kuchomoka unabadilishwa. Ukichorea ufukweni Msimbati, futa kibao kila unapoanza: punje moja ya mchanga chini ya ncha huacha mkwaruzo usiofutika. Ncha za akiba nunua siku hiyohiyo.

Asiye na kompyuta asidanganyike na kalamu za mpira za bei chee. Hizo ni kidole chenye mpini. Afadhali simu ya Galaxy Note ya mtumba, ambayo kalamu yake inatumia teknolojia ya Wacom. Kabla hujatoa hela, jaza skrini nzima mistari, ukifika hadi kwenye kingo. Mstari ukikatika mahali palepale mara mbili, mrudishie muuzaji simu yake.