Mufwankolo: Kicheko, Kifaransa na Firigisi ya Kuku

Katika kurasa hizi tumezoea kuzungumza juu ya ngoma, tohara na ndoa za wazee wetu wa Fizi. Leo tunatoka nje kidogo. Tunapita Kalemie, tunashuka mpaka Lubumbashi, sababu ya mchekeshaji mmoja wa redio na televizioni ambaye kazi yake inatugusa sisi pia: Mufwankolo.

Jina lake ni Odilon Kyembe Kaswili. Mufwankolo ni jina la mchezoni, nyuma likawa jina la kundi lote. Mizizi ya kundi hilo iko katika miaka ya 1950, mbele ya uhuru, wakati mji ungali unaitwa Élisabethville. Kutoka kwenye jukwaa wakaingia kwenye redio, halafu televizioni ya leta, na katika miaka ya 1970 na 1980 watu wa Lubumbashi walikuwa wanawangojea jioni kama vile sisi tunavyongojea mtumbwi wa mwisho kutoka Kigoma.

Mtu atauliza: televizioni ya nchi ambayo barua, shule na hukumu nyingi ziko katika Kifaransa, mchekeshaji wake anasema Kiswahili? Ndiyo, na siri ya kicheko iko pale. Kifaransa hakikukosekana katika michezo yao. Kiliingia pale mtu anapotaka kujikuza, pale mkubwa anapotaka kumfunga mdogo kinywa, pale kijana anaporudi nyumbani na suti ya kukopa. Mtazamaji aliyefika darasa la tatu tu alifahamu kabisa nini kinatokea. Mmoja wetu aliyesoma kule anasema majirani walikuwa wanacheka hata mbele neno halijaisha. Kwetu Baraka nani hajamuona mtu wa namna hiyo, anayesema Kiswahili vizuri na mama yake sokoni, halafu akifika ofisini anasahau kila kitu?

Hawakuandika maneno. Walipatana juu ya hadisi, wakagawana nafasi, wakajaribu, wakagombana kidogo, halafu kila mmoja akasema kwa kinywa chake mwenyewe. Ni ileile kazi ya mzee anayesimulia kando ya moto: njia anaijua, lakini maneno yanazaliwa usiku uleule. Tunasema hivi sababu kuna walimu wanaofikiri teatro ni kitu cha Wazungu, kinachoanza na karatasi.

Mchezo unaojulikana kuliko yote ni wa mwaka 1986. Johannes Fabian, mtaalamu Mjerumani aliyekuwa amefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, aliandaliwa firigisi ya kuku mezani, akasikia watu wakisema kwa Kifaransa kwamba mamlaka huliwa nzima, haigawanywi. (Msomaji wa Fizi hahitaji kufundishwa nani anawekewa firigisi.) Akawauliza watu wa Mufwankolo maana yake. Badala ya kumjibu tu, wakaamua kuutengenezea mchezo, Le pouvoir se mange entier. Walibishana siku nyingi, wakaucheza katika kijiji cha Kawama, nje ya mji, televizioni ikaurekodi.

Hapa ndipo tunataka kusema neno letu. Wengine wanausifu mchezo huu kama ujasiri mbele ya Mobutu. Sisi hatuendi mbali hivyo. Mwaka 1986 chama kilikuwa kimoja, na televizioni ilikuwa yake. Kumuweka sultani wa kijiji mbele ya kamera kulikuwa njia ya kusema na njia ya kujificha, vyote pamoja. Anayetaka aone ndani yake mkubwa wa Kinshasa. Anayeogopa aseme ni mambo ya kijijini tu. Hatuwezi kuwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Lakini mchezo unaoweza kupendwa na anayekula na anayeliwa, lazima tuupime mara mbili.

Tena kwetu Wabembe methali ile inakwama kooni. Wazee wetu hawakuwa na mfalme mmoja wa kula firigisi ya nchi nzima. Kulikuwa na ukoo, na kulikuwa na lubunga ambamo wanaume walikaa wakasema mpaka neno likaiva. Nyama ya mawindo ilikuwa na migawo yake, na aliyekula fungu la mwenzake alijua atajibu. Sultani wa kula peke yake tulimfahamu zaidi wakati wa Wabelgiji, walipotaka mtu mmoja wa kumtuma kodi. Kwa hiyo Mbembe akiuona mchezo huu hacheki mahali pamoja na mtu wa Katanga. Yeye anacheka mapema, kwa kumuona tu mtu anayekatalia firigisi yake.

Ubishi ule wa kundi juu ya maana ya methali ndio tunaoupenda kuliko hata mchezo wenyewe. Wachezaji hawakukubaliana, na Fabian aliyaandika yote, Kiswahili chao na tafsiri, katika kitabu alichotoa mwaka 1990. Tunamshukuru. Lakini kitabu kilitoka Marekani, na maelezo yake ni ya Kiingereza. Mtoto wa Lubumbashi akitaka kujua babu yake alichekea nini, anapashwa kwanza kusoma lugha ambayo babu hakuisema.

Na sisi? Vita ya 1996 ilitawanya watu wetu. Wengi walivuka ziwa mpaka Nyarugusu, na kaseti za sherehe na michezo ya shule zilibaki katika nyumba zilizochomwa. Leo vijana wa Baraka wanafanya vichekesho kwenye redio za hapa, katika Kiswahili chenye Kibembe ndani na Kifaransa kidogo cha kujikuza. Kuna wazee wanaokasirika, wanasema ni lugha chafu. Tumewasikiliza vijana hao: wengine wanachekesha kweli, wengine wanapiga makelele tu. Lakini wakimaliza, sauti inafutwa ili kupata nafasi ya kipindi cha kesho. Tumewaomba wenye redio watuachie nakula moja kila mwezi. Wawili wamekubali, kwa sharti tulete wenyewe kitu cha kuwekea.