Istilahi za Homoni na Vipokezi katika Maelezo ya Uvimbe wa Kichwani

Mwanamke wa Songea aendaye kliniki kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi 3 aghalabu husema Kingoni, Kindendeule au Kimatengo nyumbani, na Kiswahili mbele ya mganga. Basi Kiswahili ndicho kitakachomfikishia onyo la utafiti uliofanywa nchini Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2024: kwamba kutumia medroksiprojesteroni, dawa iliyomo katika sindano hiyo, kwa mwaka mmoja au zaidi kumefungamana na ongezeko la zaidi ya mara 5 la hatari ya kupasuliwa meninjioma. Onyo hilo litaeleweka au litapotoka kwa kadiri ya maneno manne.

La kwanza ni uvimbe. Jipu ni uvimbe, mguu uliofura una uvimbe, na chembe hai zilizoota pasipo mpango nazo ni uvimbe. Hata hivyo neno hili ni afadhali kuliko saratani, kwa kuwa meninjioma nyingi si saratani, nazo hukua polepole.

La pili ni jina la mahali. Meninjioma haioti katika ubongo wenyewe bali katika tando ziufunikazo, na Cushing alipoupa ugonjwa jina hilo mwaka 1922 alifuata jina la tando hizo. Kiswahili hakijaziheshimu: ugonjwa wa tando hizo hizo huitwa homa ya uti wa mgongo, na msikilizaji hupelekwa mgongoni ilhali hatari iko kichwani pia. Tando za ubongo ni jina jepesi na sahihi, lafaa lienezwe.

La tatu, kichocheo, ndilo lenye madhara zaidi. Walitumiao kwa maana ya homoni wana hoja, maana Starling, aliyelitangaza neno la Kiingereza mwaka 1905, alilitoa katika kitenzi cha Kiyunani chenye maana ya kusukuma na kuamsha. Lakini asili ya neno siyo maana yake. Katika kemia kichocheo kina kazi nyingine, na mitaani mchochezi ni mtu wa fitina. Mama aambiwaye kwamba sindano ina vichocheo amekwisha kupewa hukumu kabla ya maelezo.

Tena homoni haiamshi kila ipitapo. Hufanya kazi palipo na kipokezi chake tu. Meninjioma nyingi zina vipokezi vya projesteroni, na chache zina vya estrojeni. Kwa upande mwingine, uvimbe wa tezi ya pituitari utoao prolaktini una vipokezi vya dopamini. Dawa ya kabergolini ikivishika, mara nyingi uvimbe hunywea. Hapo ujumbe umezuia, haukuchochea. Neno la mkopo homoni halina kosa hilo, na lastahili kubaki.

La nne ni kipokezi. Laweza kulaumiwa kwamba latoa picha ya chombo kilichokaa kimya, kama kapu lipokealo mahindi. Lawama hiyo yasahau matumizi ya zamani ya kitenzi chenyewe: ngomani mmoja huanzisha wimbo na wengine huupokea, yaani huuitikia. Kipokezi, kwa maana hiyo, hupokea na kujibu, na ndivyo kifanyavyo katika chembe hai. Istilahi hii ni njema; imekosa waielezao tu.

Yabaki tarakimu. Mara 5 ya jambo adimu yaweza bado kuwa adimu. Isitoshe, kati ya wanawake 18,061 waliopasuliwa katika utafiti ule, 9 tu walikuwa wametumia sindano hiyo. Basi kipimo kimesimama juu ya watu wachache. Mwanamke aiachaye sindano kwa hofu ya neno, pasipo njia nyingine, aweza kupata mimba asiyoitaka, yenye hatari zake. Na yule aumwaye kichwa kwa muda mrefu huku macho yakififia, naye akaambiwa kwamba ugonjwa ni wa mgongo, aweza kuchelewa safari ya zaidi ya kilomita 900 mpaka kwa wapasuaji wa ubongo wa Muhimbili. Watunga istilahi hupima maneno kwa uzuri wa mnyambuliko. Haya yapimwe kwanza mlangoni mwa kliniki.