Tawimto: Laingia au Latoka?

Neno tawimto hutumiwa madarasani kwa maana ya mto unaoingia katika mwingine, kama Ruaha Mkuu unavyoingia Rufiji. Lakini tawi hutoka katika shina, haliliingii. Mwanafunzi wa Ruaruke, wilayani Kibiti, apimaye upana, kina na kasi ya maji kuelekea baharini, hukuta delta ikiugawa mto huo kwenda Simba Uranga, Kiomboni na Msala. Hayo ndiyo matawi hasa! Juu maji huongezwa, huku hugawanywa. Neno moja likibeba yote mawili, jedwali lake la vipimo halisomeki. Kijito nacho (wengine hukipendelea) ni kidogo mno kwa Ruaha. Twapendekeza mlishamto kwa mto uingiao. Tawimto libaki deltani.