Juu ya Istilahi "Saruji ya Nguvu Kubwa Sana"

Katika tafsiri za masharti ya ujenzi zinazopita mikononi mwetu umezuka msemo "saruji ya nguvu kubwa sana". Hatuna budi kuukataa, wala sababu zetu si za urembo wa lugha tu.

Kosa la kwanza fundi mwashi yeyote angelibaini mara moja. Saruji ni unga ulio mfukoni. Zege ni mchanganyiko wa unga huo na mchanga, kokoto na maji. Aandikaye saruji akikusudia zege ni sawa na aandikaye unga akikusudia mkate.

Kosa la pili limejificha zaidi. Neno "nguvu" lamfanya msomaji adhani kwamba tofauti ni ya kiasi tu, yaani mkandarasi akizidisha mifuko ya saruji atalipata zege hilo. Sivyo. Zege la kawaida, ambalo aghalabu huhimili mgandamizo wa megapaskali 20 hadi 40, hutengenezwa kwa kokoto, na maji yake hukaribia nusu ya uzani wa saruji. Zege tulizungumzialo huhimili megapaskali 120 hadi 150 na zaidi, na kwa kawaida halina kokoto. Hutiwa mchanga laini mno pamoja na vumbi la silika, ambalo chembe zake hujaza nafasi zilizobaki baina ya chembe za saruji. Maji hupunguzwa hadi karibu sehemu moja ya tano ya uzani wa saruji, na kemikali maalumu huongezwa ili mchanganyiko uweze kumiminika. Hivyo vitundu vinavyopitisha maji na chumvi hadi kwenye nondo hupungua sana. Tena huchanganywa nyuzi fupi za chuma, yapata asilimia 2 ya ujazo, nazo hushika ufa usipanuke. Zege la kawaida lisilo na nondo, likivutwa, hukatika ghafla.

Daraja la waendao kwa miguu la Sherbrooke, Kanada, lililojengwa mwaka 1997, lina urefu wa mita 60, na sakafu yake ina unene wa milimita 30 tu. Nani angethubutu kumimina zege la kawaida kwa wembamba huo?

Wengine wamependekeza "zege la utendaji wa juu kabisa". Lakini zege halitendi, hustahimili. Sisi twapendelea "zege sugu kabisa". Neno sugu limekwisha kuzoeleka kwa vijidudu visivyosikia dawa (na, tukubali, kwa majambazi wa magazetini), na "zege sugu" pekee litabaki kwa lile la daraja la kati. Wafaransa wameziingiza nyuzi ndani ya jina lenyewe. Kwetu jina lingerefuka mno, basi nyuzi na zitajwe katika fasili.

Hadi hapo, mzabuni atakayeleta mifuko ya saruji iliyo bora kuliko nyingine atakuwa ametimiza kila neno la mkataba, na mwenye daraja hatakuwa na la kumshitaki.